Vakansi ya Baridi: Twende Lubumbashi Pamoja na Vijana Wetu

Masomo yanakwisha. Bulletini zinatolewa, na baridi ya kipwa inaingia ndani ya nyumba. Asubuhi watoto wadogo wanazunguka mbabula, na wale wakubwa, wenye miaka kumi na tatu mpaka kumi na minane, wanalala mpaka jua linapanda. Mama anawatazama na kuuliza: "Hawa vijana watafanya nini miezi miwili yote?"

Swali lake ni la kweli. Katika miji yetu ya migodi, Kolwezi, Likasi, Kambove na Fungurume, kijana asiye na kazi wakati wa vakansi hakosi mtu wa kumwita. Mmoja anamwita twende carrière kuokota mawe, mwingine anamwita twende baa. Wengine wakiisha kuonja franka ya carrière mwezi wa saba, mwezi wa tisa hawarudi tena masomoni.

Katika ukurasa huu tuongee juu ya jambo moja tu: safari ya siku tatu kwenda mjini Lubumbashi wakati wa baridi, pamoja na vijana wa nyumba. Najua wengine watasema: "Pasta, safari ni mambo ya matajiri!" Sikatai, franka ni ngumu. Lakini hata hivi tunasafiri. Tunakwenda matanga, tunakwenda ndoa, tunakwenda kuona mgonjwa. Na katika safari hizo vijana wanakuja kama mizigo. Wanaketishwa nyuma ya bisi, hawaulizwi neno, na wakifika wanaambiwa: "Kaeni kimya, watu wakubwa wanaongea." Kisha tunashangaa kwamba wamenuna.

Mzazi mpendwa, shika neno hili moja: kijana anafurahia safari ambayo yeye mwenyewe amesaidia kuipanga. Mengine yote tutakayosema yanatoka katika neno hilo.

KWA NINI WAKATI WA BARIDI?

Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita bahari. Ndiyo sababu mwezi wa sita na wa saba baridi yake inauma. Usiku inaweza kushuka chini ya digrii 10. Lakini mchana jua linatoka, hewa inakuwa ya digrii 25 hivi, na mtu anatembea vizuri. Tena, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua karibu hainyeshi kabisa. Hakuna matope, hakuna kukimbilia barazani kwa watu. Ubaya wake ni vumbi, moshi wa pori linalochomwa, na giza linaloingia mapema.

Basi programu yenu ifuate jua. Asubuhi msitoke mapema sana, kunyweni chai ya moto kwanza. Matembezi marefu yafanyike katikati ya mchana. Jua likianza kushuka muwe mmekwisha kurudi nyumbani.

Kila mtu abebe triko, soksi na blanketi yake. Kijana atakataa triko ile uliyomchagulia wewe, kwa sababu anaogopa wenzake watamcheka. Usigombane naye. Mpe franka kidogo, aende mwenyewe kwenye soko la nguo zilizokwisha kuvaliwa, ajichagulie nguo ya moto anayoipenda. Ataivaa bila kulazimishwa.

MKUTANO WA NYUMBA

Juma mbili au tatu mbele ya safari, iteni mkutano wa nyumba nzima. Baba asije na programu iliyokwisha kuandikwa. Tuseme mambo yaende hivi:

"Tutaenda Lubumbashi siku tatu," baba anasema. "Sijapanga kitu. Munataka kuona nini?"

"Kweli, papa? Mie nataka kuona stade ya Mazembe!"

"Mie siwezi kushinda ku stade," dada yake anajibu. "Nataka kuona universite. Na soko."

"Na mimi," mama anasema, "nataka tufike ku kwa shangazi yenu. Ni siku nyingi hatujamuona."

Hapo sheria ni hii: kila mtu anapewa chaguo moja, na wengine wote wanamfuata bila kununa. Kijana atakwenda kumsalimia shangazi, kwa sababu mama naye atakwenda kuangalia uwanja wa mpira. Hata baba ana chaguo lake moja tu, si matano.

Kisha gawanyeni kazi. Mmoja ni mtunza franka. Mmoja ni mtunza njia: anauliza bei ya bisi, mahali pa kupanda, na saa ya kuondoka. Mmoja ni mtunza chakula. Mmoja ni mtunza habari: anaandika katika kaye mambo mnayoyaona, na kupiga picha na telefone ya nyumba. Kijana mwenye kazi hana nafasi ya kulalamika kila saa.

BAHASHA SITA

Sasa tufike kwenye franka. Wazazi wengi wanawaficha watoto hesabu ya nyumba. Lakini kijana asiyejua bei ya bisi ataomba soda kila kilomita. Yule aliyehesabu pamoja nanyi atasema mwenyewe: "Tuache takisi, tutembee na miguu, tubakize franka ya michopo."

Tengenezeni bahasha sita. Ya kwanza ni ya bisi ya kurudi. Hiyo ijazwe kwanza, ifungwe, isifunguliwe hata kidogo. Ya pili ni ya bisi ya kwenda. Ya tatu ni ya kulala. Ya nne ni ya chakula. Ya tano ni ya mahali pa kuingia kwa kulipa. Ya sita ni ya mambo ya ghafula, kama dawa. Franka zote zisikae katika mfuko mmoja. Sehemu moja inaweza kubaki katika telefone, mahali pengine anabeba mama.

Mkilala kwa ndugu, msifike mikono mitupu. Bebeni unga, mafuta na makala, hata kama mwenye nyumba amesema "hakuna neno". Watu watano wakila siku tatu katika nyumba ya mwingine, ni mzigo. Kama mnakwenda kulala katika nyumba ya wageni, ulizeni mbele bei ya kitanda, na kama blanketi ziko.

Hapa niseme neno moja gumu. Kuna nyumba ambamo kijana wa miaka kumi na tano analeta franka kutoka carrière, na pengine franka ile ndiyo inanunua unga wa bukari. Mzazi, kijana wa namna hiyo usimfanye kama mtoto mchanga katika safari. Mtu aliyebeba mfuko wa mawe mgongoni anajua uzito wa franka kupita wengi. Mpe yeye bahasha ashike. Safari ya siku tatu peke yake haitamtoa carrière, tusidanganyane. Lakini inaweza kumwonyesha mambo mawili: mawe yale yametoka wapi katika historia yetu, na milango gani mingine iko. Tazameni jinsi gani.

SIKU YA KWANZA: MJI ULIOZALIWA NA MUKUBA

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 120. Kutoka Kolwezi ni karibu 300. Ondokeni asubuhi ili mfike mbele ya giza. Siku hiyo msijaze programu. Salimieni wenyeji, kuleni, kisha mtembee kidogo katikati ya mji: uwanja wa posta, kanisa kubwa la Wakatoliki la Petro na Paulo, na kituo cha treni.

Wakati mnatembea, waelezeni vijana. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 treni ilifika kutoka kusini, na mji ukaanza kujengwa, ukaitwa Elisabethville. Mwaka wa 1911 tanuru ikaanza kuyeyusha mukuba. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wake, lilikuja mwaka wa 1966. Hata jimbo letu liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997. Toka mwaka wa 2015 Katanga imegawanywa majimbo manne, na mtu wa Kolwezi anakuja Lubumbashi kama mgeni kutoka Lualaba.

Kijana akiuliza kwa nini Kamalondo iko mbali kidogo na mji wa kale, mwambie ukweli. Wakati wa ukoloni Kamalondo iliitwa cité Albert. Weusi walikaa kule, Wazungu walikaa huku, na katikati iliachwa nafasi tupu ya kuwatenganisha. Leo mtu anapita pale bila kuwaza.

SIKU YA PILI: MUZE, MLIMA MWEUSI NA MPIRA

Asubuhi nendeni kwenye Muze ya Taifa. Najua, neno "muze" linawafanya vijana wapige mwayo. Lakini msiwalazimishe kusoma kila karatasi ukutani. Saa moja na nusu inatosha. Mpe kila kijana kazi ya kutafuta vitu vitatu: kimoja ambacho nkambo wake angekijua, kimoja ambacho yeye hakielewi, na kimoja ambacho angependa kujua kukitengeneza. Mkitoka nje, kila mtu aeleze vitu vyake.

Tafuteni hasa misalaba midogo ya mukuba. Si misalaba ya kanisa. Ni ya kale kupita makanisa yetu yote ya hapa. Watu wa kwetu waliyeyusha mukuba na kuimwaga katika umbo hilo, wakaitumia kama mali ya kununulia na ya kulipia. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachunguzi walipochimba makaburi ya kale mwaka wa 1957 waliikuta pamoja na wafu waliozikwa nayo. Mwambie kijana wako: babu zetu walijua kuchimba, kuyeyusha na kufanya biashara ya mukuba karne nyingi mbele ya Mzungu wa kwanza kufika. Kazi ya mgodi haikuja na treni.

Wakati wa midi kuleni michopo pamoja na bukari, na munkoyo baridi kama tumbo halikatai. Kijana atasahau mengi, lakini michopo ya Lubumbashi hatasahau.

Baada ya chakula tazameni, kutoka njiani, lile bomba refu la moshi la Gécamines na mlima mweusi ulio karibu nalo. Mlima ule haukuumbwa na Mungu siku ya tatu! Ni uchafu wa tanuru, uliomwagwa pale miaka na miaka. Katika miaka ya 2000 watu walianza kuuyeyusha tena, kwa sababu ndani yake kobalti ilibaki. Wale wa zamani walitafuta mukuba, wakatupa mengine. Msijaribu kuingia ndani wala kupiga picha bila ruhusa, kuna walinzi.

Na hapo ni mahali pazuri pa kuwaeleza habari ya Desemba 1941. Wakati wa vita kazi iliongezeka na bei zikapanda, lakini mishahara ilibaki midogo. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira wakingojea jibu. Askari wakapiga bunduki, watu wengi wakafa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, akafa pamoja nao. Vijana wengi wa familia za migodi hawajasikia habari hiyo hata mara moja. Kama nkambo wenu mmoja alifanya kazi ile, semeni jina lake siku hiyo. Kijana anasikia vizuri zaidi historia yenye jina la nyumba yake.

Kisha, chaguo la kijana: uwanja wa Mazembe, kule Kamalondo, uliofunguliwa mwaka wa 2011. Kama kuna match na tiketi inawezekana, vema. Kama hakuna, kuuona tu kutoka nje kunaleta maongezi ya saa nzima. Timu ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto. Imechukua kikombe kikubwa cha Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika kwenye fainali ya kombe la dunia la klabu. Inter Milan ikaishinda 3-0. Na kama katika nyumba yenu kuna mtu wa Lupopo, timu ya watu wa treni, iliyozaliwa mwaka ule ule wa 1939, basi siku hiyo hamtahitaji redio.

SIKU YA TATU: UNIVERSITE, SOKO NA SHANGAZI

Chagueni siku ya kazi kwa kwenda universite, ili mkute watu. Universite ya Lubumbashi ilianza katikati ya miaka ya 1950, na mpaka leo inafundisha mambo ya mines, dawa, sheria na mengine. Kama mnajua mwanafunzi mmoja, hata wa parokia nyingine, mwombeni awatembeze nusu saa. Msimwache baba ndiye aulize maswali. Kijana aulize mwenyewe: "Yaya, ulipata point ngapi ku examen d'État? Unalipa ngapi? Unalala wapi? Kitu gani kilikuwa kigumu?" Mwanafunzi akimjibu kijana uso kwa uso, maneno yake yanaingia kupita mahubiri kumi ya mzazi. Na kama jibu ni gumu, kwamba franka ni nyingi na njia ni ndefu, lisikieni pia. Mtarudi nyumbani na hesabu ya kweli, si na ndoto.

Kama mna watoto wadogo, mmoja wa wazazi anaweza kuwapeleka kwenye zoo wakati ule.

Halafu soko. Hapa wape wale wakubwa kitu wanachokipenda kupita vyote: saa moja ya uhuru. Wawili wawili, mahali mnapopajua, na mahali pa kukutana pakiwa wazi. Mpe kila mmoja franka yake kidogo, na usimuulize amenunua nini. Akirudi kwa saa, mwaka ujao mpe saa mbili. Asiporudi kwa saa, mwongee naye kwa upole, lakini saa ya uhuru ya siku hiyo imekwisha.

Mwisho, shangazi. Salamu zisiwe za kukaa kimya ukutani. Kila kijana amuulize shangazi jambo moja la zamani: mlicheza nini, mlipika nini, mlikuja mjini lini. Mtunza habari aandike.

MAMBO YA ULINZI

Kwanza, mbabula. Usiku wa baridi watu wanaingiza mbabula ndani ya chumba, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala yanayowaka yanatoa hewa yenye sumu isiyoonekana na isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Oteni moto wote pamoja jioni, dirisha likiwa wazi, kisha toeni mbabula nje mbele ya kulala. Kila mtu katika nyumba ajue jambo hili, hata mgeni.

Pili, kila kijana abebe karti yake ya masomo, na karatasi mfukoni yenye namba za telefone za wazazi na za wenyeji. Telefone inaweza kuibiwa au kuzimika, karatasi haizimiki.

Tatu, ulizeni mbele wasichana watalala chumba gani na nani. Msione haya kuuliza, hata kwa ndugu.

Nne, msitembee na miguu usiku. Jioni ni wakati wa kukaa pamoja. Telefone ziwekwe kando saa moja, na kila mtu aseme kitu kilichomfurahisha na kitu kilichomchosha siku hiyo. Baba naye aseme.

KAMA FRANKA HAITOSHI

Msiache yote. Familia ya Likasi inaweza kwenda na kurudi siku moja, wakichagua mambo mawili tu. Kutoka Kipushi ni kilomita 30 hivi, siku moja inatosha kabisa. Familia tatu zinaweza kuungana na kukodi bisi ndogo. Vijana wa parokia wanaweza kukusanya franka toka mwezi wa tatu, kwa kuuza mikate au kulima shamba la mtu, na kusafiri pamoja na wakubwa wawili wanaoaminika. Tena, franka ambayo kijana ameitafuta kwa mikono yake haitumii ovyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Safari ya mwisho tuliyofanya pamoja, nani aliipanga? Nani hakuulizwa?
2. Kila mtu wa nyumba hii angechagua kuona nini Lubumbashi? Andikeni majibu, hata ya mtoto mdogo.
3. Ni nani katika jamaa yetu alikuwa wa kwanza kufanya kazi ya mgodi? Tunajua jina lake na mahali alipotoka?
4. Vijana: kuna neno gani mnalotaka kuwaambia wazazi juu ya vakansi hii, ambalo hamjapata nafasi ya kulisema?

Mzazi mpendwa, swali la nne usilijibu wewe. Uliza, kisha nyamaza, ungoje.